Mlima Kwanza, Bahari Baadaye: Safari ya Shanta na Marafiki Lombok na Bali

Kama mko marafiki wanne au sita, na mnatamani safari moja yenye mlima wa kweli na meli iliyozama, nendeni Indonesia, kwenye visiwa vya Lombok na Bali. Lombok kuna Rinjani, volkano hai yenye kimo cha mita 3,726, ya pili kwa urefu nchini humo baada ya Kerinci. Bali, katika kijiji cha Tulamben, kuna mabaki ya meli ya mizigo ya Marekani iitwayo Liberty, yamelala hatua chache tu kutoka ufukweni. Kati ya mlima na meli ni safari ya siku moja kwa gari na boti. Sijui sehemu nyingine ambako mtu wa mfuko wa kawaida hupata vyote viwili kwa ukaribu huo.

Nimesema wanne au sita kwa makusudi. Mahema ya mlimani hulaza wawili wawili, na chini ya maji kila mtu huwa na mwenza wake. Mkiwa watano, kuna mmoja atakayeunganishwa na mgeni kila mahali. Mkizidi sita, hata kuamua mle wapi inakuwa mkutano.

Jambo la kuamua kabla ya tiketi, hoteli na kila kitu ni mpangilio: mlima kwanza, bahari baadaye. Ukiwa mita 10 chini ya maji, mwili unabeba shinikizo mara mbili ya lile la ufukweni. Ukifika mita 30 ni mara nne. Kadiri shinikizo linavyokua, ndivyo naitrojeni iliyo katika hewa unayovuta inavyoyeyuka ndani ya damu na misuli. Ukipanda juu taratibu na kukaa nchi kavu, inatoka yenyewe kwa pumzi, lakini inahitaji saa nyingi. Mtu akitoka majini kisha akawahi ndege au akapanda mlima, shinikizo la nje hupungua na naitrojeni iliyobaki inaweza kugeuka mapovu mwilini. Viungo huuma, ganzi huingia, na wengine hupooza. Shirika la usalama wa wazamiaji, Divers Alert Network, linashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka na ndege baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na angalau saa 18 kama umezama mara kadhaa au siku mfululizo. Mimi nawaambia wekeni saa 24 na msibishane nazo. Mkitoka Rinjani kwenda majini hamna shida hiyo. Mkianza na meli kisha mkakimbilia kileleni, mnacheza na uhai wenu.

Tahadhari hiyo inagusa hata barabara. Dereva mtakayemkodi Tulamben anaweza kwa nia njema kuwashauri mrudi kusini kwa njia ya Kintamani, mkatazame ziwa na Mlima Batur. Kintamani iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Siku mliyozama, mwambieni apite njia ya chini kuelekea Amlapura.

Makubaliano yenu wenyewe yana uzito uleule. Wazamiaji wana kanuni ninayoipenda kuliko zote: yeyote anaweza kukatisha mzamo, wakati wowote, kwa sababu yoyote, na hakuna atakayemuuliza kwa nini. Akitoa ishara ya kupanda, mnapanda. Ichukueni kanuni hiyo mwipandishe mlimani, na mkubaliane nayo mkiwa bado nyumbani, mmekaa pamoja, kila mtu akiitikia kwa kinywa chake. Marafiki wana aibu ambayo wageni hawana. Mtu anaumwa kichwa na kichefuchefu kinamsumbua, lakini ananyamaza asije akawaharibia wenzake safari waliyoichangia mwaka mzima. Huyo ndiye anayeumia. Aambiwe mapema kwamba akisema basi, ni basi, na kwamba yupo atakayeteremka naye. Mtajeni kabisa ni nani.

Sambamba na hilo, mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma. Mwezi Juni 2025 mtalii kutoka Brazili aliporomoka kwenye mteremko karibu na kilele cha Rinjani. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, alikuwa amechoka na kubaki nyuma wakati kundi lake likisonga mbele. Waokoaji walichukua siku kadhaa kumfikia, na walimkuta amefariki. Kwenye mlima ule, mtu mmoja asiachwe nyuma hata kwa dakika kumi. Mwenye mbio awe wa pili kutoka mwisho, na kiongozi mmoja abaki mkiani daima.

Fedha nazo zizungumzwe bila haya. Kuna gharama za wote, kama gari, boti, chumba, viongozi wa mlima na bahashishi. Hizo ziingie kwenye mfuko wa pamoja, kila mtu akichangia sawa kabla ya kuondoka, na mmoja wenu awe mweka hazina anayeandika kila rupia. Gharama za mtu binafsi, kama kozi ya kuzamia, pikipiki na zawadi, kila mtu abebe zake. Kinachovunja urafiki safarini mara nyingi ni yule anayelipa leo kwa niaba ya wote akiahidiwa atarudishiwa kesho. Tengeni pia akiba ya dharura ambayo haiguswi kwa chakula wala starehe. Tembeeni na fedha taslimu, kwa sababu Sembalun, mahali pa kuanzia kupanda Rinjani, na Tulamben si mahali pa kutegemea kadi.

Kwa upande wa nyaraka, pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi tangu siku ya kuingia. Masharti ya viza hutofautiana kwa kila pasipoti na hubadilika, hivyo msisikilize rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Fungueni tovuti rasmi ya Uhamiaji ya Indonesia, kila mmoja kwa pasipoti yake. Bebeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana sisi tunaotoka Afrika Mashariki huulizwa. Hakikisheni na pepopunda iko sawa, kwa sababu mnakwenda kuogelea kandokando ya vyuma vilivyoshika kutu. Bali hutoza wageni ushuru wa rupia 150,000 tangu Februari 2024, na unaweza kulipwa mtandaoni kabla ya kufika.

Bima inahitaji jioni nzima, na naomba msiiruke. Bima nyingi za safari za bei ndogo huweka kikomo cha mwinuko kwa wapanda milima, na nyingi hugharamia mzamiaji aliyezama ndani ya kina cha cheti chake tu. Someni maandishi madogo mpaka mwone imeandikwa kwamba mita 3,726 zimo, kwamba kuzamia kumo, na kwamba kuokolewa na kusafirishwa kumo. Kisha angalieni kifungu cha pikipiki. Bali na Lombok kila mtu atawakodishia pikipiki bila kuuliza lolote, lakini ukianguka bila leseni inayotambulika kimataifa ya chombo hicho, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Kama hamna leseni hiyo, kodini gari na dereva. Mkigawana wanne, gharama haitishi.

Msimu mzuri ni wa kiangazi, kuanzia Aprili hadi Oktoba. Njia za Rinjani kwa kawaida hufungwa miezi ya mwanzo wa mwaka kwa sababu ya mvua, na hufungwa pia volkano inapochachamaa au ardhi inapokuwa si salama. Kaeni na nafasi ya siku mbili tatu kwenye ratiba. Julai na Agosti pepo za kusini mashariki huchafua mlangobahari kati ya Lombok na Bali, na boti za kasi zinaweza kuahirishwa.

Maandalizi ya mwili yaanze miezi mitatu kabla. Msomaji wa Tanzania au Kenya anaweza kuidharau Rinjani kwa kuwa Kilimanjaro ina mita 5,895. Asifanye hivyo. Kilimanjaro mtu hupanda kwa siku nyingi, akipewa muda wa kuzoea hewa. Rinjani unatoka Sembalun kwenye mita 1,150 hivi, unalala kwenye ukingo wa kreta kwenye mita 2,600 na ushee, na alfajiri inayofuata uko kileleni. Tena hewa siyo adui mkubwa pale. Adui ni mteremko mkali, vumbi, baridi na magoti yaliyochoka. Jifunzeni kuteremka. Pandeni Longonot au Hanang mkiwa na shanta zenye uzito ule ule mtakaobeba, na siku za kazi tumieni ngazi za ghorofa, kushuka mara nyingi kuliko kupanda.

Kozi ya kuzamia ifanyeni huku huku. Zanzibar, Diani na Watamu kuna shule nzuri, maji ni ya vuguvugu, na mara nyingi mtapata mwalimu wa kuwafafanulia kwa Kiswahili pale mnapokwama. Kozi ya mwanzo huchukua siku tatu au nne, na inakuruhusu kwenda hadi mita 18. Inayofuata inakufikisha mita 30. Utatakiwa kuogelea mita 200 bila kupumzika na kuelea dakika 10, kwa hiyo asiyejua kuogelea aanze na hilo kwanza. Kama mnataka kuonja meli iliyozama kabla ya kusafiri, nje ya Mombasa kuna MV Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 iwe makazi ya samaki. Fomu ya afya ijazeni kwa ukweli mtupu. Pumu, moyo, masikio na ujauzito ni vya kuzungumza na daktari kabla, wala si vya kuvificha ili usionekane dhaifu.

Vifaa vya kuzamia vikodini kule. Miwani tu ndiyo ninayoshauri mtu awe na yake, inayomkaa usoni bila kuvuja. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hana nguo za baridi kabatini, na dukani ni ghali, lakini mitumba ya Karume, Gikomba na Kongowea imejaa makoti mepesi ya manyoya bandia na jaketi za mvua. Ukingoni usiku baridi hukaribia sifuri. Epukeni pamba mwilini, kwa sababu ikilowa jasho haikauki na inakuibia joto. Viatu vya kupandia vivaliwe nyumbani wiki kadhaa mpaka vilainike. Muwe na tochi ya kichwani yenye betri za akiba, fimbo mbili za kutembelea, glavu, kitambaa cha kufunika pua kwa ajili ya vumbi, na mifuko ya kurudishia taka zenu zote. Shanta nzima isizidi kilo kumi au kumi na mbili. Kila mmoja abebe na begi dogo la mlimani, mizigo mingine ibaki kwa wenyeji chini.

Njia nyepesi kwa tiketi ni kupitia Doha au Dubai hadi Denpasar, Bali. Kutoka Bali mnavuka kwa boti ya kasi hadi bandari ya Bangsal huko Lombok, au kwa feri ya umma kutoka Padang Bai hadi Lembar, ambayo huchukua saa nne au tano na ni rahisi zaidi kwa mfuko. Wenyeji wengi wa Lombok ni Wasasak, nao ni Waislamu. Salamu ya Kiislamu itapokelewa kwa tabasamu, adhana mtaisikia toka pande zote, na chakula halali hakitafutwi. Vaeni kwa heshima vijijini. Bali wengi ni Wahindu, na nguruwe huliwa sana, hivyo asiyemla aangalie vibanda vilivyoandikwa halali. Siku ya Nyepi, mwaka mpya wa Wabali, ambayo mara nyingi huangukia Machi, hata uwanja wa ndege hufungwa na hakuna anayeruhusiwa kutoka nje. Iangalieni kwenye kalenda kabla ya kununua tiketi.

Sasa mlima wenyewe. Chukueni siku tatu na usiku mbili kama mwili unaruhusu. Siku ya kwanza mnatoka Sembalun kupitia nyika ya majani marefu isiyo na kivuli, jua likiwachoma utosini, kisha mnaingia kwenye mfululizo wa vilima ambavyo wenyeji wameviita vilima saba vya majuto. Jioni mnafika ukingoni, na hapo ndipo moyo wa mtu unapofunguka. Chini, kwenye mita 2,000 hivi, kuna ziwa Segara Anak, na ndani yake kimesimama kilima kichanga cha volkano kiitwacho Barujari, kilicholipuka mwaka 2015 na kusumbua safari za ndege za eneo lote. Bonde hilo lote ni jeraha la mlipuko wa volkano ya Samalas wa mwaka 1257, mmoja wa mikubwa kabisa katika miaka elfu kadhaa iliyopita. Wanasayansi walitafuta kwa muda mrefu volkano iliyoacha majivu yake kwenye barafu za Greenland na Antaktika, mpaka mwaka 2013 walipochapisha ushahidi kwamba ilikuwa hii. Kaeni pale mtazame. Fungeni vyakula vyenu, maana nyani wa ukingoni ni wezi hodari.

Saa nane usiku mnaamshwa. Sehemu ya mwisho ni changarawe na majivu yanayoteleza: unapiga hatua mbili, unarudishwa moja. Njia ni nyembamba na pande zote ni mteremko. Hapa ndipo kanuni yenu inapofanya kazi. Kila nusu saa aliye mbele asimame, amuulize kila mmoja kwa jina, na asikilize jibu. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, au mtu kuyumba kama mlevi ni amri ya kushuka, hata kama kilele kinaonekana. Mkifika ukingoni mkaona inatosha, inatosha kweli. Mandhari iliyo bora zaidi, kwa maoni yangu, iko pale na ziwani, wala si kileleni.

Kushuka hadi ziwani, kuoga kwenye chemchemi za maji moto, kupanda tena ukingo wa upande wa kijiji cha Senaru, kisha kuteremka msituni mita elfu mbili hadi kijijini, ndiko kunakowamaliza watu. Fupisheni hatua, tumieni fimbo, kunyweni maji kabla ya kiu. Na kumbukeni kwamba nchi ile hutikisika. Tarehe 29 Julai 2018 tetemeko liliwanasa mamia ya wapandaji huku miamba ikiporomoka njiani. Jiandikisheni rasmi hifadhini mnapoingia, ili ijulikane mko juu.

Neno kuhusu wapagazi. Wa Rinjani hubeba vikapu viwili kwenye mti wa mwanzi begani, wengine wakiwa na ndala miguuni, na ndani yake kuna mahema yenu, maji yenu na wali wenu. Sisi tunaoijua Kilimanjaro tunafahamu kwamba kifurushi kinachouzwa kwa bei ya kutupa kimepunguziwa kwenye mgongo wa mpagazi. Ulizeni kampuni: kila mmoja anabeba kilo ngapi, analipwa kiasi gani kwa siku, analala wapi, anakula nini. Wasiojibu, achaneni nao. Bahashishi mkabidhini kila mtu mkononi mwake.

Mkishuka, pumzikeni siku mbili kabla ya kuzama. Mwili uliokauka na kuchoka huongeza hatari majini, na vumbi pamoja na baridi ya mlima huacha mafua. Mwenye pua iliyoziba asizame, kwa sababu hataweza kusawazisha shinikizo masikioni, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Asitumie dawa ya kufungua pua ili alazimishe, maana inaweza kuisha nguvu akiwa chini.

Liberty ilijengwa mwaka 1918 na kupigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani tarehe 11 Januari 1942, ikiwa imebeba vipuri vya reli na mpira. Manowari mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Uholanzi, zilijaribu kuivuta hadi Singaraja, lakini maji yalikuwa yameshaingia mno, ikaachwa ikwame ufukweni Tulamben. Ikakaa pale miaka 21. Mwaka 1963 Mlima Agung ulilipuka, ukaua zaidi ya watu elfu moja, na mitikisiko yake ikaisukuma meli hadi baharini. Leo imelala ubavu, ikiwa na urefu wa takriban mita 120, sehemu ya juu ikiwa mita tano tu chini ya maji na ya chini karibu mita 30. Matumbawe na sifongo vimeivaa, na samaki wakubwa aina ya kasuku, wenye paji lililotokeza, hulala humo usiku.

Laleni Tulamben kwenyewe mwingie majini alfajiri, kabla magari ya watalii wa kutoka kusini hayajafika. Wanawake wa kijiji hubeba mitungi ya hewa kichwani hadi ufukweni, na wameijenga kuwa kazi yenye heshima na mapato yake. Waachieni waifanye, na mwalipe vizuri. Ufuko ni wa mawe meusi ya mviringo, na wimbi dogo tu linatosha kumwangusha mtu mwenye mtungi mgongoni, hivyo vaeni viatu vyenye soli na mshikane mikono wawili wawili.

Chini, msizuie pumzi kamwe. Pandeni polepole kuliko mapovu yenu madogo, na msimame mita tano kwa dakika tatu kabla ya kutoka. Meli imefunguka sehemu nyingi na mianya inakualika, lakini asiye na mafunzo ya kuingia ndani ya mabaki abaki nje, kwani chuma kinaning'inia na pezi moja likipiga tope hamtaona mlango. Kubalianeni kabla kwamba mtu akibakiwa na nusu ya hewa yake anaonyesha, na mwenza wake anaitika. Asiyezamia asiachwe hotelini. Kwa kuwa meli huanza mita tano tu, mwenye miwani na mrija wa kupumulia juu ya maji anaiona vizuri, na yeye ndiye atakayewaonyesha mahali pa kuingilia mzamo wa pili.

Siku ya mwisho iwe nchi kavu, chini, karibu na bahari. Suuzeni miwani kwa maji baridi, kausheni viatu, na mtu akihisi maumivu ya viungo au ganzi isiyoelezeka asisubiri afike nyumbani: apelekwe hospitali Denpasar na aseme wazi kwamba alizama lini na kina gani. Jioni hiyo hiyo mweka hazina asome hesabu yote mbele ya wote, deni lilipwe papo hapo, na kilichobaki mfukoni kigawanywe kabla ya kwenda uwanja wa ndege.